Kauli ya Kutendwa

Kijana wa dalali alikuja na baiskeli,
kopo la rangi nyekundu likining'inia kwenye usukani.
Makorora nzima ilimwona akikata kona ya msikiti.
Hakuuliza nyumba ni ipi.
Nyumba yenye deni hujulikana kwa mapazia:
hayafunguliwi.

Nilimtambua kabla hajashuka.
Sechambo, darasa la tatu B, dawati la dirishani,
aliyekuwa akila chaki.
Naye akanitambua. Akaweka kopo chini,
"Shikamoo, mwalimu,"
sauti ikamkwama pale pale ilipokuwa ikimkwama
asipomaliza kazi ya nyumbani.

Marahaba, nikasema. Ukuta ndio huu.

Ukuta huu ni kiinua mgongo changu hadi kimo cha dirisha.
Kuanzia dirishani kwenda juu ni upatu wa miaka mitano.
Bati ni ng'ombe wawili wa mama, Korogwe.
Benki haikuuliza hayo.
Iliuliza namba ya hati, na vyumba vingapi.

Semkiwa alitaka fuso.
Machungwa ya Muheza, alisema, yanaozea chini ya miti
na Nairobi wanayalilia;
safari kumi tu, mke wangu, deni limekwisha.
Safari ya nne injini ikafia Segera.
Siku mbili machungwa yalitoka jasho,
ya tatu yakanuka pombe.

Sitasema nilidanganywa. Nilikwenda naye.
Kalamu yao imefungwa kwa uzi,
kana kwamba mwizi ni sisi.
Pameandikwa Ridhaa ya Mwenza.
Nikatia sahihi kwa mwandiko wangu wa ubaoni,
karani akausifu.

Halafu barua.
Ya kwanza ilisema mpendwa mteja.
Ya pili, mteja.
Ya tatu, ile ya siku sitini, ilisema mdaiwa,
na aliyeileta alitaka nisaini tena, kwamba nimepokea.
Sitini ni nyingi ukizisikia.
Tuliuza fuso kwa bei ya chuma chakavu, kisha friji, kisha cherehani.
Semkiwa akaenda kwa nduguze,
akarudi na ushauri.

Sasa majirani wamekaa barazani mkao wa matanga,
ila hakuna maiti, wala kahawa.
Kukopa harusi, anaanza mmoja. Hamalizi. Wana adabu.
Bwana Mntambo wa nyumba ya pili anahesabu hatua
kutoka pembe hadi pembe, midomo ikimcheza;
nikimtazama, anajifanya kaangusha ufunguo.
Ndani, Semkiwa anang'oa kitasa cha chumbani.
Alikinunua kwa taslimu, anasema,
hakimo kwenye hati.

Kijana anaandika, ulimi nje kidogo, vilevile kama zamani.

NYUMBA HII INAUZA

Anarudi nyuma kuangalia.
Miguu yangu imesimama kabla yangu.
"Soma ulichoandika."
Anasoma.
"Inauza nini?"
Kimya. Rangi inachuruzika kutoka mguu wa A.
"Nyumba haiuzi, Sechambo. Nyumba haina duka.
Hiyo ilipaswa kuwa kauli gani?"
"Ya kutendwa, mwalimu."
"Alama yake?"
"W."

Nilikuwa nikiwaambia: katika kauli hii
mtenda anaweza kukosekana, na sentensi ikasimama bila yeye.
Kikombe kimevunjwa. Embe limeliwa.
Waliipenda mno, watoto: hakuna wa kuchapwa.
Miaka thelathini na moja nimefundisha hivyo,
sikuwahi kuuona ubaya wake.

"Nifute, nianze upya?"
"Rangi si yako. Ibanie hapo hapo."

Akaibania, w ndogo, nyembamba, kati ya Z na A,
mabega juu
kama mtu aliyelala kitanda kimoja na wawili.
KWA MNADA aliandika bila kosa hata moja.
Akageuka kunitazama, brashi mkononi, akingoja,

na kidole changu, chenyewe,
kikachora vema hewani.